Unanisoma?

Ilikuja na lori la ushirika, msimu wa pareto,
imefungwa guniani kama jogoo wa kuuza.
Kabla ya jua kuzama Baba yuko juu ya mkaratusi,
waya begani, viatu kaviacha chini,
na Isongole nzima inamwelekeza kwa vidole:
kulia kidogo, Mwasomola! Kulia, si huko!
kana kwamba kuna aliyewahi kuona upepo unakopita.

Betri ilikuwa ya lori. Ilikaa chini ya meza,
ikatoboa mkeka, ikatoboa kaptula yangu ya shule.
Sanduku la kijivu, jicho moja jekundu,
na kipaza sauti chenye mkia uliojiviringa
kama wa nguruwe. Nisamehe, Baba, ulitukataza kusema hivyo.

Saa moja asubuhi, chaneli ya nne.
Kwanza bisi kikaangoni, kisha mluzi,
kisha watu, kutoka ng'ambo ya Uporoto.
Hawakuwa na majina ya ubatizo. Kulikuwa na Kanga Mbili,
na Debe Tupu wa Matamba, asiyejua kunyamaza,
na Nyundo. Baba wakamwita Ngedere,
kwa ajili ya ule mkaratusi.
Alinuna siku mbili. Ya tatu akaliandika mlangoni kwa chokaa.

Unanisoma? Ova.
Nakusoma.
Magunia arobaini yapo barazani. Lori lina pancha Igoma.
Bwana mifugo asije tena, ng'ombe ameshakufa.
Siri haikuwepo. Mwenye neno na mkewe
alilisema mbele ya milima yote,
basi wakajifunza kuzunguka:
lile shati la bluu limefika?
Limefika, ila vifungo bado.
Na sisi watoto, tumejibanza dirishani,
tukajua karo imekuja nusu.

Mama hakukaa darasani hata siku moja.
Lakini Baba akimwita kutoka bondeni
alijibu, kiganja mdomoni: Nakusoma! Nakusoma!
akalitafuna neno lile kama pingili ya muwa.
Kututuma chumvi, ova. Sala ya usiku, amina, ova.
Wakigombana alimalizia, "Ova na kutoka,"
akatoka kweli, mpaka kwa dada yake, Ntokela.

Nyundo alikuwa mwanamke, huko Kitulo.
Kila jioni alifunga kwa baridi:
"Nyuzi mbili, na inashuka. Funikeni viazi."
Haikuwa kazi yake. Hakuna aliyemwomba.
Tulitoka na nyasi kavu gizani, jirani kwa jirani,
taa za chemli zikiyumba matutani.

Jioni moja hakuita. Wala ya pili.
Baba akabonyeza, akaachia, akabonyeza,
Nyundo, Nyundo, hapa Ngedere,
na zile bisi zikaendelea tu.
Amehamishwa, alisema Debe Tupu,
kwa mara ya kwanza kwa neno moja.
Wiki ile jalidi iliunguza shamba letu lote.

Miaka imepita, niko sokoni Uyole, nageuzwa na sauti:
"Hivi viazi vimepigwa baridi, usinidanganye."
Mfupi, kofia ya sufi, ndala zisizofanana.
Nikasema, kama kichaa: Nyundo, unanisoma?
Akaliweka debe chini.
"Wewe mtoto wa Ngedere," alisema, wala hakuuliza.
Hakuuliza pia kama mzee mzima.
Aliuliza: "Ule waya, aliwahi kuushusha?"

Hajaushusha. Mti umeumeza, gome limefunga juu yake.

Nilimnunulia simu ya mkononi.
Akisema anaibonyeza ubavuni kwa dole gumba,
akimaliza anaachia.
Nimemweleza mara ngapi, Baba, siku hizi
wawili wanaweza kusema pamoja.
"Sasa atasikiliza nani?"
Jana usiku kanipigia. Nyuzi nne, akasema, inashuka.
Akaachia kidole.
Nikasikia anasubiri.